Siku mbili au tatu Uholanzi: uingie makumbusho yapi ya sanaa, na yapi uyaache

Uholanzi ni nchi ndogo, lakini majumba yake ya makumbusho ni mengi kuliko siku za mgeni. Mwulize mwenyeji akutajie ya kwenda, atakutajia matano au sita, yote mazuri kweli. Ukiyafuata yote utarudi hotelini miguu imevimba na kichwani hakuna picha hata moja iliyobaki. Ushauri wangu ni wa kibahili: ukiwa na siku mbili au tatu, chukua mawili, yakizidi sana matatu.

Bahati nzuri ni kwamba manne yanayotajwa zaidi yanakwenda wawili wawili. Rijksmuseum na Mauritshuis yote ni ya wachoraji wa karne ya 17, akina Rembrandt na Vermeer. Van Gogh Museum na Kröller-Müller yote unayaendea kwa ajili ya Vincent van Gogh. Chagua moja kila upande na safari yako imekamilika. Ugumu ni kujua ni lipi linakufaa wewe.

Rijksmuseum au Mauritshuis

Rijksmuseum liko Amsterdam. Ni jengo kubwa la matofali mekundu, kazi ya Pierre Cuypers, lililofunguliwa 1885, na katikati yake chini limeachwa njia ambamo baiskeli hupita mchana kutwa. Ndani kuna vitu kama 8,000 katika vyumba 80: picha, silaha, meli za mfano, vyombo vya udongo vya mji wa Delft vya bluu na nyeupe, hata nyumba za wanasesere zilizotengenezwa kwa ajili ya wake wa matajiri. Hapo ndipo mgeni anapoponzeka. Anaanza na chumba kilicho mbele yake, anasoma kila kibandiko, na akifika ghorofa ya pili, iliko karne ya 17, macho yameshachoka. Ukienda, panda moja kwa moja ghorofa ya pili, ingia ukumbi mrefu uitwao Eregalerij, uone ulichokifuata kwanza. Mengine yakipata muda, sawa. Yasipopata, hujapoteza kitu.

Mwisho wa ukumbi huo ndipo ilipo Doria ya Usiku ya Rembrandt, ya mwaka 1642. Ni kikosi cha mgambo wa Amsterdam kinachojiandaa kutoka, kwenye turubai yenye upana wa zaidi ya mita 4 na kimo cha zaidi ya mita 3 na nusu. Zamani ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1715 ilihamishiwa ukumbi wa jiji, ikaonekana haitoshi ukutani, wakaikata pembeni. Ujue mapema kwamba tangu 2019 wataalamu wanaichunguza ikiwa imezungushiwa chumba cha kioo, na mwishoni mwa 2024 walianza kuondoa vanishi yake ya zamani. Kwa hiyo huenda ukaiona kupitia kioo, na watu wakiwa kazini mbele yake. Wapo wanaochukia hali hiyo. Mimi naona kumtazama fundi akihangaika na sentimita chache za picha ya namna hii ni jambo ambalo wajukuu zetu hawatalipata. Ukipata nafasi ya kusogea, tafuta kivuli cha mkono wa kapteni kilivyoangukia koti la manjano la luteni wake, kisha mtafute yule msichana aliyejaa nuru katikati ya wanaume, mwenye kuku aliyening'inia kiunoni.

Lakini picha ninayoipenda zaidi katika jumba hilo ni ndogo sana karibu na hiyo. Mtumishi Anayemimina Maziwa ya Johannes Vermeer haifiki nusu mita upande wowote. Ni mwanamke jikoni na mtungi wa maziwa, basi. Ukuta nyuma yake unaonekana mtupu mpaka uukaribie: kuna msumari, kuna matundu ya misumari iliyong'olewa, kuna kioo cha dirisha kilichovunjika. Mkate ulio mezani umetiwa vidoa vya rangi nyeupe vinavyong'aa kama nuru yenyewe. Maziwa yanashuka kwa uzi mwembamba, na mwanamke hana haraka. Watu wengi hupiga picha moja kwa simu na kuendelea. Wewe kaa hapo dakika tano.

Mauritshuis liko Den Haag, dakika 50 hivi kwa treni kutoka Amsterdam, halafu mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni kuu. Ni nyumba ya mtu mmoja iliyogeuzwa makumbusho, imekaa ukingoni mwa bwawa pembeni ya majengo ya bunge. Picha zake zimepangwa kwenye ghorofa mbili tu, na jumba zima unalimaliza kwa saa mbili bila kukimbia. Humo mnakaa Msichana Mwenye Hereni ya Lulu, ya Vermeer tena, ya mwaka 1665 hivi. Imezalishwa kwenye mifuko na vikombe mpaka mtu anadhani ameshaiona. Ukisimama mbele yake unagundua kwamba hereni yenyewe karibu haipo: ni mguso mmoja mzito wa rangi nyeupe juu, mwingine hafifu chini, wala hakuna kulabu ya kuishikilia sikioni. Jicho lako ndilo linaloimalizia. Uchunguzi uliotangazwa 2020 ulionyesha kwamba msichana alikuwa na kope, na kwamba ile giza nyuma yake zamani ilikuwa pazia la kijani.

Chumba hadi chumba, kuna vingine vya kukusimamisha. Somo la Daktari Tulp la Rembrandt, 1632, ambapo madaktari wanatazama maiti ikipasuliwa mkono. Fahali wa Paulus Potter, mkubwa kama fahali wa kweli, pamoja na nzi wanaomsumbua. Na Chiriku wa Carel Fabritius, 1654, ndege mmoja aliyefungwa mnyororo mwembamba kwenye kisanduku chake cha chakula, picha yenye ukubwa wa karibu karatasi ya kuandikia. Mwaka huohuo aliochora, ghala la baruti lililipuka mjini Delft na Fabritius akafa humo.

Kwa idadi ya kazi za Vermeer, Rijksmuseum linashinda. Picha zake zinazojulikana duniani hazifiki 40, na Uholanzi ina saba tu: nne ziko Amsterdam na tatu Den Haag. Moja ya hizo tatu ni Mandhari ya Delft, na kwangu hiyo peke yake inasawazisha hesabu. Mtu asikudanganye uende Delft kumwona Vermeer. Ni mji wake, ni mzuri kwa kutembea, lakini hauna picha yake halisi hata moja, kuna nakala tu.

Kuna jambo lingine ambalo mgeni kutoka Afrika atataka kulijua, na vitabu vingi vya watalii hulipita haraka. Nyumba ya Mauritshuis ilijengwa kwa ajili ya Johan Maurits, aliyekuwa gavana wa koloni la Waholanzi nchini Brazili. Mashamba ya miwa ya huko yalihitaji watumwa, na chini ya uongozi wake Waholanzi waliiteka ngome ya Elmina, katika Ghana ya leo, mwaka 1637 na Luanda, Angola, mwaka 1641 ili kuwapata. Den Haag wenyewe waliipa jina la utani la nyumba ya sukari. Makumbusho yenyewe siku hizi yanalisema hilo waziwazi. Katika nyumba hiyohiyo ipo picha ya Rembrandt ya mwaka 1661 ya wanaume wawili Waafrika, mmoja ameegemea bega la mwenzake. Si watumishi walioshika sinia pembeni mwa picha ya tajiri, ndio picha yenyewe. Majina yao hayajulikani, ila inajulikana kwamba karibu na nyumba ya Rembrandt jijini Amsterdam palikuwa na jamii ndogo ya Waafrika huru, kwa hiyo huenda walikuwa majirani zake.

Rijksmuseum nalo lina jibu lake. Limehifadhi picha ndogo ya Jan Mostaert ya kama 1525 hadi 1530, ya mwanaume Mwafrika aliyevaa kofia nyekundu, glavu na upanga kiunoni. Inahesabiwa kuwa ya kwanza kabisa katika uchoraji wa Ulaya kumchora mtu mweusi peke yake kama mheshimiwa. Mwaka 2021 jumba hilo lilifanya maonyesho makubwa kuhusu utumwa, ambapo hata picha maarufu za Rembrandt za wanandoa Marten na Oopjen zilielezwa upya: utajiri wa familia ya Marten ulitokana na kusafisha sukari. Picha hizo mbili zilinunuliwa 2016 kwa euro milioni 160 kwa ubia na Louvre, na huzunguka kati ya Amsterdam na Paris, kwa hiyo usizifungie safari.

Uamuzi wangu? Mauritshuis. Kitu kidogo kinachomalizika kinamfaa msafiri kuliko kikubwa kinachokushinda, na treni ya Den Haag inakuonyesha nchi njiani. Mchana pale mjini tafuta roti ya Kisuriname, maana Den Haag ina Wahindi wengi wenye asili ya Suriname, na mtu wa pwani akiiona sahani hiyo ya chapati na mchuzi hahitaji maelezo. Ila Rijksmuseum linachukua nafasi ya kwanza katika hali mbili. Kama una saa nne tu na hutoki Amsterdam, usihangaike na treni. Na kama una watoto, Rijksmuseum lina meli, bunduki na hizo nyumba za wanasesere, wakati Mauritshuis ni picha, na baada ya picha ni picha.

Van Gogh Museum au Kröller-Müller

Kwanza niondoe tumaini moja la uongo. Usiku wa Nyota, ile picha yenye anga linalozunguka, haipo Uholanzi. Iko New York.

Van Gogh Museum, Amsterdam, liko hatua chache kutoka Rijksmuseum. Lilifunguliwa 1973 na lina zaidi ya michoro 200 ya rangi na mingine 500 ya kalamu na makaa. Limepata vyote hivyo kwa njia ya kifamilia. Vincent alikufa Julai 1890, ndugu yake Theo akamfuata baada ya miezi sita, na mjane wa Theo, Jo van Gogh-Bonger, akabaki na mtoto mchanga na nyumba iliyojaa picha ambazo hakuna aliyezitaka. Yeye ndiye aliyezitunza, akazionyesha, akachapisha barua, mpaka dunia ikamjua shemeji yake. Hapo jumba hilo lina faida ambayo hakuna mwenzake anayo: linakusimulia mtu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Unaanza na Wala Viazi ya 1885, giza tupu, wakulima wa Nuenen chini ya taa moja, mikono yao migumu imepakwa rangi ya udongo waliouchimba. Unapanda, rangi zinafunguka. Chumba cha Kulala, Alizeti, halafu Maua ya Mlozi aliyomchorea mpwa wake aliyezaliwa 1890, yuleyule mtoto wa Jo. Kisha shamba la ngano lenye kunguru.

Kasoro yake ni watu. Tiketi inauzwa mtandaoni tu na kwa saa maalumu, lakini hata hivyo mbele ya Alizeti utasimama nyuma ya mabega ya wenzako. Msimu wa kiangazi ni zaidi. Ukilazimika kwenda, chukua saa ya kwanza asubuhi au jioni wanapokaribia kufunga.

Kröller-Müller lina zaidi ya picha 80 za Van Gogh, mkusanyiko wa pili kwa ukubwa duniani, na liko porini. Si kwa mfano, ni porini kweli: katikati ya hifadhi ya De Hoge Veluwe, karibu na kijiji cha Otterlo, misitu na mchanga na nyasi za zambarau mwishoni mwa Agosti. Helene Kröller-Müller, mke wa mfanyabiashara wa meli na madini, alianza kununua Van Gogh wakati bado wengi hawajamthamini, na jumba likafunguliwa 1938. Humo ndimo ulipo Mkahawa wa Usiku wa Arles, ule wenye kibanda cha manjano chini ya anga la bluu. Humo pia ipo Wala Viazi nyingine, iliyotangulia ile ya Amsterdam, na ukibahatika kuziona zote mbili ndani ya safari moja utaona jinsi alivyozipanga upya sura za watu wale. Nje kuna bustani ya sanamu ya hekta 25, na sanamu moja nyeupe ya Jean Dubuffet ni kubwa kiasi cha kupandwa na kutembelewa juu.

Kufika ni kazi. Kutoka Amsterdam unapanda treni hadi Ede-Wageningen, halafu basi, mara nyingi na kubadilisha Otterlo, na jumla ni saa moja na nusu hadi mbili kwenda peke yake. Unalipia mara mbili pia, tiketi ya hifadhi na tiketi ya makumbusho. Ila ukishaingia kwenye lango la hifadhi unakuta baiskeli nyeupe zimepangwa kwa mamia, za bure, bila kufuli wala kujiandikisha. Unachukua, unaendesha mpaka kwenye picha, unaiacha nje, ukitoka unachukua yoyote iliyopo. Breki hazipo mkononi, unafunga kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Jaribu kabla ya mteremko wa kwanza.

Hapa sipindishi maneno: ukiwa na siku nzima isiyo na mvua, nenda Otterlo. Ndani utasimama mbele ya picha za Van Gogh bila kusukumana, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mashamba na miti. Kama mvua inanyesha, au kinachokuvutia ni maisha yake kuliko rangi zake, au una siku moja tu, basi Van Gogh Museum. Kuyaunganisha Van Gogh Museum na Rijksmuseum siku moja kwa sababu tu yanatazamana ni kosa ninaloliona kwa wageni wengi. Saa ya nne wanakuwa wamekaa kwenye benchi wanachezea simu.

Mengine, kwa kifupi

Ukitaka la tatu, chaguo langu ni Frans Hals Museum mjini Haarlem, robo saa au zaidi kidogo kwa treni kutoka Amsterdam. Jengo lilikuwa nyumba ya kutunza wazee wa kiume. Hals alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, mwaka 1664, alichora wasimamizi wa nyumba hiyohiyo, wanaume kwenye picha moja na wanawake kwenye nyingine, na leo zimetundikwa humo humo. Mavazi yao ni meusi matupu, lakini Van Gogh alimwandikia Theo mwaka 1885 kwamba Hals ana weusi wa aina 27. Nenda ukahesabu.

Stedelijk, pale pale penye Rijksmuseum na Van Gogh, ni la sanaa ya kisasa. Anayeipenda anajua kwa nini anakwenda, asiyeipenda aliache. Kunstmuseum Den Haag lina kazi kama 300 za Piet Mondrian, na anayetaka kuelewa jinsi mtu alivyotoka kuchora miti mpaka akafikia mistari na mraba wa nyekundu, hapo ndipo mahali. Rotterdam, Boijmans Van Beuningen limefungwa tangu 2019 kwa ukarabati, lakini ghala lake lililofunguliwa 2021, lenye umbo la bakuli na kuta za vioo, linaingiwa na watu. Utaona picha zikiwa zimening'inizwa kwenye vyuma, migongo ya fremu, mafundi. Kwa mtu wa usanifu wa majengo, hilo lipande juu ya orodha.

Siku, pesa na uliko

Jumatatu ndiyo siku ya kuangalia. Rijksmuseum hufunguliwa kila siku ya mwaka, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mauritshuis Jumatatu hufungua saa saba mchana. Kröller-Müller, Frans Hals na Kunstmuseum kwa kawaida hufungwa Jumatatu. Kwa hiyo ukitua Jumapili usiku, anza na Amsterdam.

Kwa bei za 2025, Rijksmuseum na Van Gogh Museum ni kama euro 25 kila moja, Mauritshuis karibu 20, na chini ya miaka 18 hawalipi katika hayo matatu. Kadi ya makumbusho iitwayo Museumkaart mwaka huo iliuzwa kwa karibu euro 75. Mgeni asiye na anwani ya Uholanzi hupewa ya muda, ya siku 31 na makumbusho matano. Kwa ushauri wangu wa mawili au matatu haikulipi, ikifika manne ndipo inaanza kukulipa. Na ukiwa nayo bado unatakiwa kushika nafasi ya saa Van Gogh Museum, wala haikuingizi bure kwenye hifadhi ya De Hoge Veluwe. Kwenye treni, tramu na basi unagusa kadi ya benki ukipanda na ukishuka. Usisahau kugusa ukishuka.

Wengi wetu tunafika Uholanzi kwa kozi fupi, na mahali pa kozi panabadilisha hesabu. Ukiwa Wageningen, Kröller-Müller ni jirani yako, huna kisingizio. Ukiwa chuo cha ISS Den Haag, Mauritshuis unaliendea kwa miguu baada ya darasa, na wa chuo cha IHE Delft ana robo saa ya treni tu. Aliyeko chuo cha ITC Enschede ndiye aliye mbali na yote, ila ana Rijksmuseum Twenthe mjini kwake, dogo na lenye picha nzuri za zamani, kabla ya kupanda treni ya saa mbili kwenda Amsterdam mwisho wa wiki.

Ukisafiri na mzee, Mauritshuis lina lifti ya kioo inayoshuka kutoka uani hadi mapokezi, na ukubwa wake hautamchosha. Kröller-Müller lisikutishe kwa sababu ya baiskeli, basi linafika hadi karibu na mlango.

Ukishaamua, nunua tiketi ya Van Gogh Museum kwanza kama liko kwenye orodha yako, maana ndizo zinazokwisha mapema, wakati mwingine siku kadhaa kabla. Halafu Rijksmuseum, nalo kwa saa maalumu. Mauritshuis unaweza kulingoja mpaka juma la safari. Otterlo ngoja utabiri wa hali ya hewa.